Jinsi ya kumwombea fundi wa kigeni vibali vya mradi wa reli au mwendokasi Tanzania

Machi 2020 Uturuki ilisimamisha safari za ndege za kimataifa. Aprili Tanzania nayo ikafunga anga yake kwa ndege za abiria kutoka nje. Sisi tulifungua tarehe 18 Mei, lakini wenzetu walianza kurudisha safari zao Juni. Kwa hiyo kulikuwa na kipindi ambacho uwanja wa Dar es Salaam ulikuwa wazi, huku fundi wa kampuni ya Yapı Merkezi, mkandarasi wa reli ya kisasa kutoka Dar hadi Makutupora, akiwa hana ndege ya kumtoa Istanbul.

Hanoi, mji mkuu wa Vietnam, yaliwakuta makubwa zaidi. Reli ya mjini ya Cat Linh–Ha Dong, kilomita 13 na vituo 12, njia yake na treni zake vilikuwa tayari. Waliokosekana ni wataalamu wa China wa kuendesha majaribio na washauri wa Ufaransa wa kuthibitisha usalama, na wote hao walizuiwa na masharti ya korona. Abiria wa kwanza walipanda Novemba 2021.

Mwongozo huu ni kwa ofisa utumishi au mkandarasi mdogo anayeandaa makaratasi ya watu wa namna hiyo: wa mifumo ya ishara, wa umeme wa treni, wa vichwa na mabehewa. Hakuna anayeweza kuzuia mipaka isifungwe. Ila inapofungwa, au inapofunguliwa kwa wiki chache tu, anayepita ni yule ambaye vibali vyake vimekamilika.

Hatua ya kwanza: jua anakuja kwa muda gani

Uliza mradi, usimuulize fundi. Idara ya Uhamiaji ina viza ya biashara kwa mtaalamu wa kazi fupi, ikiwemo kutengeneza mitambo au kutoa mafunzo mafupi, kwa muda usiozidi miezi mitatu. Ada yake ni dola 250 za Marekani na huombwa mtandaoni. Hiyo inamfaa anayekuja kubadilisha kifaa kilichoharibika. Majaribio ya treni ni jambo jingine, kwani huchukua miezi na ratiba yake husogea. Ukiona mkataba wa kazi unavuka miezi mitatu, usianze kuunganisha viza juu ya viza. Omba kibali cha kazi na kibali cha ukaazi tangu mwanzo. Hata kwa kazi fupi, andika barua kwa Kamishna wa Kazi ueleze fundi anakuja kufanya nini, na jibu lake ulihifadhi. Wakaguzi wakija eneo la mradi, wataomba maandishi.

Hatua ya pili: bodi ya taaluma

Mhandisi wa kigeni anatakiwa kusajiliwa kwa muda na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB. Wengi huanza na ombi la kibali, halafu hukwama kwa kukosa barua ya bodi. Anza na bodi. Vyeti visivyo vya Kiingereza au Kiswahili vitafsiriwe na mtafsiri anayetambulika, na nakala zithibitishwe na wakili. Kwa fundi aliyeko Ankara au Seoul kazi hiyo huchukua muda, na wakati wa janga ofisi nyingi zilikuwa zimefungwa. Muombe vyeti siku ile ile jina lake linapotajwa kwenye kikao cha mradi.

Hatua ya tatu: mpango wa urithishaji

Hapa ndipo ninapowaomba wenzangu tupafanyie kazi kwa moyo. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri aonyeshe mambo mawili: kwamba alimtafuta Mtanzania mwenye ujuzi huo akamkosa, na kwamba ana mpango wa kumrithisha Mtanzania kazi hiyo.

Kwa jambo la kwanza, weka tangazo la kazi lenye tarehe, orodha ya walioomba na sababu za kila mmoja kutofaa. "Hatukupata mtu" si sababu.

Kwa la pili, nimeona mipango mingi iliyonakiliwa kutoka ombi moja hadi jingine, ikibadilishwa jina tu. Inaumiza, kwa sababu ukurasa huo ndio unaoamua kazi itaendelea vipi siku ndege zitakapokatazwa tena. Andika jina la Mtanzania atakayefuatana na fundi, elimu yake, kazi atakazojifunza mwezi kwa mwezi, na siku atakayozifanya peke yake huku mgeni akitazama. Tamka kwamba miongozo ya matengenezo na nywila za programu za uchunguzi wa hitilafu zitakuwa pia mikononi mwa Mtanzania huyo. Katika korona, msaada wa mbali kwa video ulisaidia pale tu ambapo upande huu palikuwa na mtu aliyejua kufungua kabati la umeme na kusoma kilichomo.

Hatua ya nne: kuwasilisha

Maombi hufanywa kwenye mfumo wa kielektroniki wa vibali. Pakia barua ya maombi, wasifu, vyeti, mkataba wa ajira uliosainiwa, majukumu ya kazi, nakala ya pasipoti, picha, mpango wa urithishaji, na nyaraka za kampuni: usajili, leseni, namba ya mlipakodi. Ada hulipwa kwa kumbukumbu namba inayotolewa na mfumo, kamwe si mkononi mwa mtu. Cheo kilichoandikwa kwenye mkataba kilingane na cha kwenye majukumu ya kazi na barua ya bodi. Tofauti ndogo hapo hurudisha ombi.

Kibali cha kazi kikipatikana, Uhamiaji hutoa kibali cha ukaazi Daraja B kwa mwajiriwa.

Hatua ya tano: safari yenyewe

Mei 2021 Tanzania ilianza kudai cheti cha kipimo cha korona kilichofanyika ndani ya saa 72. Sharti hilo halipo tena, lakini ugonjwa mwingine unaweza kuleta sharti kama hilo. Soma masharti ya nchi tatu: anakotoka, anakobadilishia ndege, na hapa. Abiria wengi walirudishwa kwa sababu ya nchi ya katikati. Pasipoti nayo iwe na muda wa kutosha.

Kibali cha kazi hudumu hadi miezi 24. Weka tarehe yake ya mwisho kwenye kalenda ya mradi, na uanze kuandaa uhuishaji miezi kadhaa kabla. Kikikufikia, kisome chote kabla hujamtumia fundi: jina, namba ya pasipoti, cheo, mwajiri. Ukiona kosa, omba lirekebishwe kabla hajakata tiketi.