Somo: Chungu cha kumwaga maji na mawe ya saruji kwa kibwawa cha uani

Wakuu, salaam. Niliahidi somo la mapambo ya kibwawa changu, hili hapa. Kuchimba shimo na kutandika turubai sitaeleza. Nitagusa vitu viwili tu: chungu kinachomwaga maji, na mawe ya kutengeneza kwa mkono. Fundi nilimwita siku ya umeme peke yake.

Chungu

Changu ni cha Wakisi, wale wafinyanzi wa mwambao wa Ziwa Nyasa. Nilikinunua Kyela nikakipakata kwenye basi hadi Dar, abiria mwenzangu njia nzima akiuliza kama ndani mna asali. Mtungi wowote wa udongo utafaa.

Hatua ya 1. Loweka chungu usiku kucha. Kesho yake kilaze juu ya gunia la mchanga, utoboe kitako kwa drili isiyogonga. Anza na ncha ya milimita 6, panda taratibu hadi mpira wa pampu upite, huku mtu akidondoshea maji. Usikandamize. Cha kwanza nilikipasua kwa haraka zangu, sasa kimeoteshwa mchicha.

Hatua ya 2. Kiache kikauke kabisa, maana silikoni haishiki penye unyevu. Pitisha mpira, ziba kwa silikoni ndani na nje, subiri saa 24.

Hatua ya 3, pampu ya kuzamisha. Hapa ndipo wengi hutupa hela. Ule urefu ulioandikwa kwenye boksi, tuseme mita 1.5, ndio urefu ambao maji yanagota. Ukifika hapo halitoki hata tone. Ukitaka maji yamwagike kutoka sentimita 70, nunua hiyo ya mita 1.5, usinunue ya sentimita 80. Izungushie sponji isimeze majani.

Chungu kitatoka jasho kwa nje, ndivyo vilivyo vyungu vya kuchomwa kwa moto wa wazi. Mimi napenda, kinaota ukijani.

Mawe

Panga matofali mabovu upate umbo, funika kwa wavu wa kuku mara mbili, kaza kwa waya wa kufungia nondo. Changanya karai 1 la saruji kwa 3 ya mchanga wa mto. Mchanga wa baharini usiuguse, chumvi itatia waya kutu. Paka unene wa sentimita 3 au 4. Kabla haijashika, kunja mfuko wa nailoni kiganjani ubonyeze bonyeze, mikunjo itakupa sura ya jiwe kweli. Piga niru, yaani uji wa saruji, iliyochanganywa na rangi ya unga ya sakafu, nyeusi na kidogo nyekundu. Rangi moja tupu inafanana na kaburi. Funika kwa magunia, mwagilia siku 7.

Sasa sikilizeni. Saruji mpya hutoa chokaa kwenye maji, na chokaa huunguza samaki. Nilitia perege 12 siku ya pili, asubuhi wote walikuwa wanaelea. Jaza maji, kaa siku 3, mwaga; rudia mara tatu au nne, ukisugua mawe kwa siki. Kisha pima kwa karatasi za pH, zile zinazoonyesha ukali wa chokaa kwenye maji. Ikibaki chini ya 8.5, tia samaki.

Maswali

*Mama Wawili:* Kaka, asante kwa somo. Mbu je?

Dada, kwa joto la Dar kiluwiluwi huwa mbu ndani ya wiki moja au siku kumi. Maji yanayochezacheza hawayapendi, lakini kwenye kona zilizotulia watataga tu. Perege wadogo ndio dawa. Na kitako cha chungu kisibaki na maji pampu ikizimwa muda mrefu.

*Kijana wa Tegeta:* Mkuu, naweza kutumia mawe ya Kunduchi nisihangaike na saruji?

Unaweza. Nayo ni ya chokaa, ila huyeyuka polepole mno, hayana ukali wa saruji mbichi. Perege hatalalamika.

*Bibi Bustani:* Umeme unakula kiasi gani? Na gugu maji nipande?

Shikamoo bibi. Pampu ya wati 25 ikiwaka saa 24 ni uniti 0.6, kwa mwezi kama 18. Mwambie fundi afunge swichi inayokata yenyewe umeme ukivuja, hilo usibanie hela. Gugu maji hapana, Ziwa Victoria wanalijua. Panda yungiyungi, lakini mbali na chungu, hapendi kumwagiwa.

*Baba Pili:* Nina mtoto wa miaka miwili.

Basi subiri, kaka, au funga wavu wa nondo juu ya uso wa maji, uwe imara wa kumbeba bila kuzama. Mimi nilingoja kitinda mimba aingie darasa la kwanza ndipo nikashika sururu.