Kodi ya Majengo kwa Nyumba Iliyofungwa: Mwongozo kwa Wenye Nyumba za Likizo Nyanda za Juu Kusini

Wengi wetu tuliojenga Tukuyu, Njombe au Matema huku tukiishi Dar es Salaam hufungua nyumba hizo mara moja au mbili kwa mwaka, na tumezoea kudhani kwamba nyumba iliyofungwa haidaiwi. Inadaiwa. Huko Vancouver, Kanada, nyumba isiyokaliwa ina kodi yake maalumu tangu 2017. Sisi hatuna kodi ya namna hiyo, lakini kodi yetu ya majengo haiulizi kama kuna mtu ndani, kwa kuwa tangu 2021 hukatwa kupitia mita ya LUKU, yaani mita ya umeme unaolipiwa kabla ya kutumiwa.

Tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida hulipiwa shilingi 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka. Usiponunua umeme mwezi fulani, kiasi hicho hakifutwi, bali kinakusubiri. Desemba moja nilifika Tukuyu usiku na familia, mvua ikinyesha, nikanunua umeme wa shilingi 20,000 kwenye mita ambayo mara ya mwisho niliinunulia Januari. Deni la miezi 11 lilimeza 16,500 kwa mkupuo, na zile 3,500 zilizobaki zikakatwa VAT pamoja na makato ya EWURA (mdhibiti wa nishati) na REA (wakala wa umeme vijijini) kabla ya kuwa uniti. Watoto walioga maji ya moto siku ile tu.

Kwa hiyo nunua umeme kila mwezi hata kama nyumba imefungwa, na shilingi 5,000 zinatosha. Hifadhi namba ya mita kwenye simu, kisha mtumie mwangalizi wa nyumba zile tarakimu 20 za tokeni aziingize kwa mpangilio wa tarehe. Ikiwa rimoti ya LUKU, yaani kifaa cha kuingizia tokeni, iko ndani, mwachie ufunguo. Kodi hukatwa wakati wa kununua, si wakati wa kuingiza tokeni, hivyo hata akichelewa wiki moja deni halikui.

Kagua pia idadi ya mita. Kibanda cha mlinzi chenye mita yake kinaweza kukatwa kama nyumba nyingine, na marekebisho huombwa ukiwa na namba za mita zote mbili. Msamaha wa mwenye nyumba aliyefikisha miaka 60 na asiye na kipato ni wa nyumba moja anayoishi, kwa hiyo nyumba ya likizo haimo.

Ukiamua kuipangisha, elewaneni mapema na mpangaji, maana kodi ya majengo ni yako ingawa yeye ndiye anayenunua umeme. Ni haki umpunguzie kiasi hicho kwenye pango. Pango lenyewe lina kodi ya zuio, yaani inayokatwa kwenye malipo kabla hujayapokea, ya asilimia 10. Mwenye hati analipa vilevile kodi ya pango la ardhi kila mwaka, na hiyo haipiti kwenye LUKU: omba kumbukumbu namba ya malipo, ulipe, kisha uweke risiti pamoja na hati.