Kurusha tiara ya nyuzi nne Shela: kaskazi, kusi na maleleji

Ukitaka kujifunza tiara ya nyuzi nne, yaani kishada kinachoongozwa kwa nyuzi nne, hapa Lamu, anza na kaskazi. Kati ya Disemba na Machi upepo unatoka kaskazini mashariki, unakuja taratibu, haurukiruki, na asubuhi unakupa muda wa kufikiri. Anayeanza mwezi wa Julai, kusi, upepo wa kusini, imekolea, huvutwa mabega mpaka akachoka kabla hajajua mikono yake inafanya nini. Wengi huachia hapo hapo wakidhani tiara hii ni ya watu wenye nguvu. Si kweli. Mpwa wangu wa kike ana mikono myembamba kama njiti za makuti na anaisimamisha hewani mpaka wapita njia wanasimama kutazama.

Mimi ni fundi wa matanga. Tiara hii naipenda kwa sababu ndiyo chombo pekee ninachokijua kinachomwonyesha mtu upepo unavyoshika kitambaa, pale pale, mbele ya macho yake. Ilibuniwa Marekani, mjini San Diego, na ndugu wa ukoo wa Hadzicki mwishoni mwa miaka ya 1980, wakaiita Revolution. Tiara ya uzi mmoja wanayotengeneza watoto wetu huenda inakopelekwa na upepo. Ya nyuzi mbili unaiongoza kushoto na kulia, lakini lazima ikimbie mbele muda wote. Ya nyuzi nne inasimama, inarudi kinyumenyume, inateleza ubavu, inageuka papo hapo ilipo. Ndiyo maana inafaa kujifunzwa kwa subira.

Vifaa

Tiara ya kawaida ina upana wa mita 2.4 hivi, kitambaa chake ni nailoni au poliesta nyepesi sana, na mifupa yake ni fito za kaboni: tatu zimeungana kwenye ukingo wa mbele, mbili zimesimama wima. Nyuzi ziwe za Dyneema, uzi imara wa plastiki usionyumbuka, zenye kubeba kama kilo 40 kila moja. Urefu wa mita 24 unatosha pwani yenye watu. Mita 36 zinakupa nafasi zaidi ya kufikiri, kwa sababu tiara inaonekana kwenda polepole, lakini zinataka pwani tupu. Usijaribu kuokoa pesa kwa kufunga mshipi wa kuvulia. Mshipi wa nailoni unanyumbuka, na ukinyumbuka, unachofanya mkononi kinafika kwenye tiara kimechelewa na kimepungua.

Kuna jambo jingine kuhusu Dyneema. Inateleza yenyewe kwa yenyewe, hivyo nyuzi zako zikijisokota mara mbili tatu bado unaendesha bila taabu. Lakini haivumilii joto. Ikisuguana na uzi wa nailoni wa kishada cha mtoto, hukatika mara moja. Watoto wakiwa na vishada vyao, sogea mbali nao. Wao ndio waliotangulia kwenye ile pwani.

Nyuzi zote nne lazima ziwe sawa. Funga ncha zote kwenye kigingi kimoja, nenda mwisho wa pili, zivute pamoja uone kama kuna uliorefuka. Tofauti ya upana wa kidole inatosha kuifanya tiara ipinde upande mmoja siku nzima, nawe ukajilaumu bure.

Vishikio ni viwili, kila kimoja kina urefu wa kama sentimita 33. Uzi wa juu wa tiara unafungwa kichwani mwa kishikio, wa chini unafungwa mkiani. Kichwani pawe na kamba fupi yenye mafundo matatu manne yaliyopangwa, ili uweze kulihamisha tanzi la uzi kutoka fundo hadi fundo. Hayo mafundo wengi huyapuuza, nami nakuomba usiyapuuze. Ukilipeleka tanzi fundo la mbali, nyuzi za juu zinakuwa ndefu na breki, yaani mvuto wa nyuzi za chini, inaongezeka: tiara inasimama kwa urahisi, inarudi nyuma kwa urahisi, haivuti sana. Anza na fundo la mbali ambalo bado linaruhusu tiara kupaa.

Kisha chukua sindano na uzi mwekundu. Weka alama ndogo kwenye ubawa wa kushoto wa tiara, na alama hiyo hiyo kwenye kishikio cha kushoto. Sababu yake utaiona huko mbele.

Pa kusimama

Usirushe mbele ya mji. Pale pana nyaya za umeme, milingoti, watu, na upepo unaojigonga kwenye kuta. Upande wa kisiwa cha Manda pia uache, karibu na uwanja wa ndege. Nenda kijiji cha Shela, upite nyumba za mwisho, uendelee kutembea. Kaskazi inakuja juu ya nyumba hizo kabla ya kufika pwani, na nyumba huuvuruga upepo mbali kuliko mtu anavyodhani: hesabu mara kumi ya urefu wa jengo ndipo uanze kuuamini. Ukifika mahali ambapo mchanga mkavu ukiumwaga kutoka kiganjani unaanguka kwa mshazari ule ule kila mara, hapo panafaa.

Kaskazi inapita kwa urefu wa pwani, hivyo nyuzi zako zinalala sambamba na maji na wapita njia wanapita pembeni. Kusi inatoka baharini. Hapo wewe unasimama upande wa maji, tiara iko upande wa vilima vya mchanga, na njia ya watu na punda iko katikati, chini ya nyuzi zako. Punda aliyebeba mawe hana haja ya kujua wewe unajifunza nini. Ukimwona anakuja, teremsha tiara chini mapema na usubiri apite na mwenyewe wake, umsalimie.

Wakati wa kusi tazama maji pia. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupungua sana, bahari inatoka mbali, na maji hupungua kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Pwani inakuwa pana, unaweza kusimama mbali na vilima. Hilo ni muhimu kwa sababu chini ya vilima upepo unapooza na kujikunja, na tiara ikiingia hapo inalegea ghafla. Siku za maji mafu, yanapopungua kidogo tu, hupati upana huo.

Mikono

Upe upepo mgongo. Nyoosha mkono wa kushoto na wa kulia. Eneo lote lililo mbele yako, toka mkono mmoja hadi mwingine na kupanda hadi juu ya utosi, ndimo tiara inamoishi. Katikati, usawa wa kifua, inavuta kwa nguvu zote. Pembezoni na juu kabisa inapoa.

Simamisha tiara imeinamia nyuma, vishikio vimefungwa kigingini hivi kwamba nyuzi za chini zimekaza. Ikikaa hivyo haipai. Chukua vishikio, vidole gumba viwe juu, nyuzi za chini bado zimekaza. Rudi hatua moja, kisha vuta vidole gumba kuelekea kwako. Tiara itasimama na kupanda.

Sasa usiifuate kwa mikono. Kosa la kila mwanafunzi ni kunyanyua mikono tiara inaponyanyuka, kana kwamba anaisukuma. Viwiko vikae ubavuni. Kazi yote iko kwenye vifundo vya mikono, na ni ndogo. Ikifika nusu ya urefu wake, vuta mikia ya vishikio kwako kidogo, upana wa kidole. Utaona ukingo wa mbele unatetemeka, mvumo wa kitambaa unapungua, tiara inasimama. Ukizidisha, inaanza kurudi chini kinyumenyume. Ukipunguza, inapanda. Kaa hapo hapo. Panda kidogo, simama, shuka kidogo, simama. Mpwa wangu nilimwacha kwenye zoezi hili asubuhi nzima, akaniambia, "Mjomba, mbona hunifundishi kuzungusha?" Nikamwambia, "Ikisimama unapotaka wewe, mwanangu, kuzunguka utajifunza kabla ya chakula cha mchana." Na ndivyo ilivyokuwa.

Kugeuza: mkono unaovuta mkia ndio upande inakogeukia tiara. Kugeuka kulia, vuta mkia wa kulia na wakati huo huo kidole gumba cha kushoto. Fanya robo duara, simama. Robo nyingine, simama. Ukizunguka duara zima nyuzi zinajisokota, nawe zizungushe upande wa pili baadaye zijifungue.

Robo ya pili ndiyo inayowachanganya watu, kwa sababu tiara sasa inatazama chini na nyuzi zimepishana. Ubawa wa kushoto uko kulia kwako. Hapo ndipo uzi mwekundu unapofanya kazi yake. Usiwaze kushoto na kulia kwa mbingu, tazama ubawa wenye alama na ujue ni wa mkono ule ule wenye alama. Tiara ikitazama chini, breki ndiyo inayoinyanyua, na kidole gumba ndicho kinachoishusha. Ishushe hivyo, kichwa chini, mpaka ibaki usawa wa magoti kutoka mchangani, uisimamishe. Mwenye kuliweza hili kwa utulivu ameshika ufunguo. Kuteleza ubavu, kupanda ubavu, kutua kwa ncha ya ubawa mmoja, yote yanatoka humo.

Kusi ikikolea

Mawimbi yakivunja povu kila upande na mchanga ukianza kutambaa kwenye vifundo vya miguu, tiara ya kitambaa kizima iweke. Toa yenye wavu. Hiyo sehemu ya kitambaa imekatwa na kushonewa wavu unaopitisha upepo, mvuto unapungua na mwendo unatulia. Nyuzi ziwe nene zaidi, za kubeba kilo 68 hivi, na tanzi la juu lihamie fundo la mbali zaidi. Tiara ikikuzidi, usirudi nyuma kushindana nayo. Nyoosha mikono mbele na utembee kuiendea, utasikia uzito unakutoka mabegani. Kisha vuta breki zote mbili ikae chini. Upepo wa jioni wa kusi huwa mzito kuliko wa asubuhi, nami mwanafunzi simpeleki baada ya saa nane mchana.

Maleleji

Kati ya misimu, upepo unahama na kukatikakatika. Watu wengi huviweka vifaa. Mimi huo ndio wakati ninaoupenda kuliko yote, kwani hapo miguu ndiyo inayofanya kazi. Tumia tiara nyepesi ya kitambaa kizima, nyuzi nyembamba za kilo 23, na tanzi la juu lirudi fundo la karibu ili tiara ipate msukumo. Upepo ukikata, rudi nyuma kwa hatua laini: mwendo wako ndio upepo wake. Tiara ikifika juu, ilaze kifudifudi kidogo kwa kulegeza mikono, nawe utembee mbele ikiteleza, upate tena mchanga wa kurudia. Ukibanwa usivute kwa ghafla. Kitambaa kilichokosa upepo hakirudi kwa kushtuliwa, kinarudi kwa kusubiriwa hatua moja au mbili. Na kila mara uhisi shingoni upepo umehamia wapi, kisha geuza mgongo uufuate.

Ukimaliza

Chumvi na mchanga ndivyo vinavyoua nyuzi. Zioshe kwa maji baridi, zianike kivulini, zikunje zikiwa kavu. Maungio ya fito za kaboni yafute mchanga kabla ya kuzichomoa, maana punje moja ikibaki ndani husaga ufito mpaka ukapasuka kwa urefu. Kitambaa kikichanika, usikitie gundi. Kilete kwa fundi wa matanga yeyote, kishonwe kiraka cha kitambaa chepesi kile kile, mshono uende na msuko wa nyuzi zake.