Kusuka ukili ndani ya nyumba yenye hita

Aliyekulia Pemba, Tanga au Lamu huenda vidole vyake bado vinajua kusuka ukili, yaani utepe wa majani unaoshonwa kuwa mkeka, hata kama hajagusa chane (majani yaliyopasuliwa membamba) tangu utotoni. Desemba mjini Oslo jua huzama saa tisa na kidogo alasiri, kwa hiyo muda wa kukaa ndani upo. Kinachosumbua ni hewa. Hita huikausha nyumba mpaka jani linakatika mkononi, na wengi hudhani wamesahau kusuka kumbe jani ndilo limekauka.

Ukindu, jani la mkindu linalosukiwa mikeka, ni shida kuupata huko. Rafia, majani makavu ya mti wa jamii ya mitende ambayo kwa wingi hutoka Madagaska, huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya sanaa na hufaa. Kwa kikeka cha kuwekea sufuria, sentimita 20 kwa 20, fungu la gramu 50 linatosha na kubaki. Tafuta pia shazia (sindano ya kushonea mikeka) au sindano nene, uzi wa pamba, mkasi, taulo na kibanio cha nguo.

Pasua rafia upate chane za upana wa milimita 5. Ziloweke dakika 10 kwenye maji ya uvuguvugu, kisha zifunge ndani ya taulo lililokamuliwa kwa nusu saa. Kunja uchane mmoja juu ya kidole: ukipasuka, rudisha majini. Usisuke uchane ukiwa bado unachuruzika maji, kwani jani lililonyonya maji huvimba; likikauka hunywea na ukili unabaki na matundu. Toa chane chache tu kwa wakati mmoja, na kaa mbali na hita.

Anza na chane tano. Pishanisha shina na ncha ili zisiishe zote pamoja, zifunge kwa uzi na uzibane ukingoni mwa meza. Gawa tatu kulia, mbili kushoto. Uchane wa nje kabisa kulia upite juu ya jirani yake, chini ya unaofuata, kisha ujiunge na wa kushoto. Sasa kushoto zipo tatu: wa nje kabisa naye apite juu, chini, aende kulia. Endelea hivyo hivyo. Pembeni uchane ukunjwe ubapa, usisokotwe. Ukisokotwa ukingo unakuwa mnene na kushona kutakuwa kazi. Ukili ukipinda kama ndizi, mkono mmoja unavuta kuliko mwingine.

Uchane ukibaki sentimita 8 hivi, laza mpya juu yake na usuke zote mbili pamoja kwa sentimita 5. Usiunge chane mbili za jirani mahali pamoja, patakuwa na kibonge. Mikia ibaki upande wa nyuma, uikate kazi ikishakauka.

Ukitaka rangi, weka uchane mmoja tu wa rangi kati ya zile tano. Utakwenda upande huu na huu kama nyoka. Uloweke peke yake, usije ukatia madoa wenzake.

Uchane wa mita 1 hutoa ukili wa sentimita 70 hivi, kwa sababu unakwenda mshazari. Unahitaji ukili wa mita 3, upana wake karibu sentimita 1.75. Uache ukauke usiku mzima kabla ya kushona: ukiushona mbichi utanywea na mishono italegea. Pima vipande 12 vya sentimita 20. Kabla ya kukata, piga mshono wa kukinga kila upande wa alama, la sivyo kipande kitafumuka chote. Panga vipande ukingo kwa ukingo, shazia ichukue kitanzi cha huku na cha kule kwa zamu, bila kuvuta sana, maana uzi uliokazwa huinua kazi katikati kama kawa, kile kifuniko cha chakula.

Mwisho kilaze kikeka chini ya vitabu vizito usiku mmoja. Chane zilizobaki zikauke kabisa kabla ya kuziweka kwenye mfuko wa karatasi. Kwenye plastiki, zikiwa na unyevu, huota ukungu.