Nyumba yenye chama cha wamiliki California: soma hivi kabla ya kununua, hesabu siku ukishahamia

Ukinunua kondo, au nyumba iliyo kwenye mtaa wenye geti na bwawa la pamoja, katika jimbo la California, huna hiari ya kujiunga na chama cha wamiliki (HOA) au kukaa kando. Jina lako likishaingia kwenye hati ya nyumba, wewe ni mwanachama na unadaiwa ada ya mwezi. Wengi waliohamia Marekani kutoka Afrika Mashariki huichukulia HOA kama kamati ya mtaa ya kuchangishana pesa za mlinzi. Sivyo kabisa. Kwa kawaida hili ni shirika lililosajiliwa, lisilogawana faida, lenye bodi na akaunti zake, na sheria ya Davis-Stirling ya mwaka 1985 inaliruhusu kuandikisha deni juu ya nyumba yako na hata kuipeleka mnadani.

Kwanza elewa karatasi zinavyopishana kwa nguvu. Juu kabisa kuna sheria. Chini yake lipo tamko la masharti, ambalo mawakala hulitaja kwa herufi CC&R; aliyejenga mtaa ndiye huliandikisha kaunti. Halafu hati ya kuandikisha shirika, halafu katiba ya chama, na chini kabisa kanuni zinazotungwa na bodi. Ya chini ikigongana na ya juu, ya juu inashinda. Kwa hiyo ukiandikiwa barua kwamba huruhusiwi kuegesha pikapu mbele ya nyumba, usianze kwa kubishana. Omba namba ya kifungu, uangalie kiko kwenye karatasi ipi. Kama ni kanuni ya bodi na CC&R inakuruhusu, umeshinda. Bodi ikitaka kubadili kanuni kama hizo sharti iwatangazie wanachama siku 28 kabla ya kupitisha. Baada ya tangazo la mabadiliko, asilimia 5 ya wanachama wana siku 30 za kudai kura ya kuyafuta.

Muuzaji anatakiwa kukupa nyaraka zote hizo pamoja na bajeti, na chama kina siku 10 za kuzitoa tangu kiombwe kwa maandishi. Kuna kitu kimoja ambacho hakiji mpaka ukiombe mwenyewe: mihutasari ya vikao vya bodi ya miezi 12 iliyopita. Iombe. Humo ndimo utakapokuta bomba lililopasuka mara tatu, au kesi na mkandarasi, mambo ambayo bajeti haiyataji.

Karatasi ya kusoma kwa kalamu mkononi ni tathmini ya akiba. Sheria inataka mkaguzi apite kuangalia mali ya pamoja kwa macho angalau kila miaka 3, na bodi iipitie tathmini hiyo kila mwaka. Ni jedwali: kila kifaa, umri uliobaki, gharama ya kukibadilisha. Tuseme mtaa una nyumba 80 zinazolipa sawa. Mstari wa paa unasema miaka 3 imebaki, gharama dola 400,000, na akiba iliyopo kwa ajili yake ni dola 60,000. Pengo ni dola 340,000, yaani dola 4,250 kwa kila nyumba. Ada ya mwezi iliyo ndogo mara nyingi ina maana hii tu: wanaolipa leo hawakuliwekea paa akiba, na wewe ndiye utakayelilipia.

Pesa hizo hudaiwa kama mchango maalumu. Bila kura ya wanachama, bodi haiwezi kupandisha ada ya kawaida zaidi ya asilimia 20 juu ya mwaka uliotangulia, wala kudai michango maalumu inayozidi asilimia 5 ya matumizi yaliyokadiriwa kwenye bajeti ya mwaka huo, isipokuwa kwa dharura zilizotajwa na sheria, kama amri ya mahakama au hatari kwa usalama wa watu. Bajeti ikiwa dola 500,000, bodi peke yake inaishia dola 25,000, ambazo ni dola 312.50 kwa nyumba. Zaidi ya hapo, kura. Sasa angalia akidi: katika nyumba 80 wanatosha wapigakura 41, na kati yao 21 wakikubali, wote 80 mnalipa. Bahasha ya kura iliyosahaulika mezani ina uzito huo.

Kama ni kondo, uliza pia ripoti ya ukaguzi wa balkoni. Majengo yenye nyumba 3 au zaidi, yenye balkoni zinazobebwa na mbao na kuinuka zaidi ya futi 6 kutoka ardhini, hukaguliwa kila miaka 9, na ukaguzi wa kwanza ulipaswa kuwa umekamilika kufikia 1 Januari 2025. Ripoti isipokuwepo, mkopo wako unaweza kukwama benki.

Ukishahamia, fuata tangazo la vikao: ajenda hutolewa siku 4 kabla, na una haki ya kuhudhuria na kusema. Ukiitwa kujibu kosa, lazima upewe taarifa siku 10 kabla ya shauri, na tangu katikati ya 2025 faini haizidi dola 100 kwa kosa, labda kosa liguse afya au usalama.

Kosa linalogharimu kuliko yote ni kugoma kulipa ada kwa sababu bodi imekukasirisha. Ada huhesabiwa imechelewa baada ya siku 15. Faini ni asilimia 10 au dola 10, ipi kubwa, na baada ya siku 30 riba hufika asilimia 12 kwa mwaka. Mnada hauruhusiwi mpaka deni la ada lenyewe lifike dola 1,800 au lipitishe miezi 12. Lipa kwanza, ukiandika kwamba unalipa huku ukipinga, kisha omba kwa maandishi kikao cha usuluhishi wa ndani. Chama hakiwezi kukikataa, wala kukutoza hata senti kwa kikao hicho.