Kuunganisha dramu za umeme na kompyuta ili urekodi MIDI na kuipiga tena

Kabla hujachomeka waya wowote elewa kwanza kwamba MIDI sio sauti. Ukipiga pedi, moduli (kile kisanduku ambacho pedi zote zinachomekwa) inatuma ujumbe mfupi tu, noti namba fulani imepigwa, nguvu yake kadhaa kati ya 1 na 127, basi. Ndo maana unaweza kurekodi leo ukabadilisha sauti ya sneya wiki ijayo bila kupiga upya. Na ndo maana pia watu wanaona mita ya traki (mstari wa kurekodia kwenye programu) inacheza ila hawasikii kitu wanadhani kifaa kibovu, wakati hawajachagua sauti itoke wapi, kwenye moduli au kwenye kompyuta. Hilo liamue mapema, mengine yote yanafuata hapo.

Waya ni rahisi. Moduli nyingi zina tundu la USB la mraba, waya wa printa unaingia kabisa, chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta bila kupitia habu. Zingine zinatambuliwa zenyewe, zingine zinataka draiva (programu ndogo ya kufanya kompyuta ikitambue kifaa) kutoka tovuti ya waliozitengeneza, hiyo iweke kabla ya kuchomeka. Moduli ya zamani isiyo na USB ina tundu la duara la pini 5, hapo unahitaji intafesi ya MIDI, yaani kifaa kidogo cha kuunganisha tundu hilo na kompyuta, na waya unatoka OUT ya moduli unaenda IN ya intafesi. Zile intafesi za waya za bei ndogo maandishi yake yanachanganya sana, kama kimya geuza plagi, haziungui.

Fungua programu yako, iwe Reaper, Cubase au nyingine, ingia kwenye setingi uiwashe moduli kama ingizo la MIDI. Tengeneza traki, chagua moduli na chaneli zote (dramu kwa kawaida zinakaa chaneli 10), weka programu ya sauti za dramu juu yake, washa kitufe cha kurekodi na cha kusikiliza, piga. Hedifoni chomeka upande ule sauti inakotoka. Ukisikia kila pigo mara mbili ujue moduli na kompyuta zote zinalia, shusha moja.

Sasa kuchelewa, hapa ndo watu wanakata tamaa. Unapiga, sauti inakuja baadaye kidogo, mkono unaanza kuisubiri na mdundo unaharibika. Tatizo kubwa huwa ni bafa, yaani fungu la sauti ambalo kompyuta inalikusanya kwanza kabla ya kulitoa. Kwa sampuli (vipande vidogo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, bafa ya sampuli 512 peke yake inakula kama milisekunde 12, ukishusha mpaka 128 inabaki kama 3. Kwenye Windows tumia draiva ya ASIO, ile ya sauti isiyochelewa, ukitumia ile ya kawaida ya mfumo utahangaika. Na hedifoni za Bluetooth weka pembeni kabisa kwenye kazi hii.

Hai-hati, yale matoazi mawili ya kukanyaga, inahitaji uvumilivu zaidi. Kwenye General MIDI, mpangilio wa kawaida wa namba za noti, kiki ni 36, sneya 38, hai-hati iliyofungwa 42, ya mguu 44, iliyo wazi 46, lakini moduli nyingi zinaongeza noti zake, mfano Roland hutumia 22 na 26 kwa ukingo wa hai-hati, kwahiyo unapiga ukingo programu inakaa kimya au inatoa sauti ya ajabu. Piga pedi mojamoja ukiangalia namba inayotokea kwenye skrini, halafu rekebisha ramani ya programu ifanane. Pedali nayo mara nyingi inatuma kontrola namba 4, ujumbe wa MIDI unaoonyesha umeikanyaga kiasi gani, ikanyage polepole uone namba zinapanda na kushuka bila kuruka, zikiruka rudi kwenye setingi za pedali kwenye moduli.

Kupiga tena kilichorekodiwa kwa sauti za moduli, toa traki ya MIDI kwenda kwenye moduli kwa chaneli ileile, hapo moduli inajipiga yenyewe. Ukitaka sauti hiyo iingie kwenye wimbo irekodi kupitia matundu ya sauti ya moduli kwenda intafesi ya sauti, maana USB ya moduli nyingi inabeba MIDI peke yake. Na wakati unapiga mwenyewe zima kwanza ule usikilizaji wa traki, la sivyo pigo linaenda kompyuta linarudi moduli na utasikia sneya mbilimbili tena.