Kuandika na Kuchora Historia kwa Watoto: Mfano wa Kilwa

Anayetaka kuwaandikia na kuwachorea watoto historia aanze na mahali pamoja na mwaka mmoja, kwa kuwa mada pana kama historia ya pwani nzima haichoreki. Tuchukue Kilwa Kisiwani mwaka 1331, Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alipofika katika utawala wa Sultani al-Hasan ibn Sulaiman. Soma maelezo ya msafiri huyo, kisha uyapime kwa magofu: yeye alisema majengo ya mji yalikuwa ya miti, ilhali Msikiti Mkuu na kasri la Husuni Kubwa vimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Usimfiche mtoto tofauti hiyo. Chora nyumba za miti na makuti pembeni mwa msikiti wa mawe, umwachie nafasi ya kuuliza.

Picha ndiyo kazi ngumu zaidi. Mwandishi anaweza kusema tu kwamba watu walikwenda sokoni, lakini mchoraji hana budi kuyajaza makapu, na makosa huingilia hapo. Mahindi, mihogo, mananasi na mapapai asili yake ni bara la Amerika, na yalifika pwani hii baada ya Wareno, kwa hiyo yasionekane. Weka mtama, mchele, samaki na nazi. Mwanamke asivalishwe kanga, vazi la karne ya 19. Bandarini chora mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila misumari, chenye tanga la mkeka. Hata wembamba wa chumba una sababu yake, kwani dari ililala juu ya boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Kwa kila kitu unachochora, andika daftarini ulikokitoa, maana mhariri atauliza.

Kurasa 32 zinatosha, nazo zinamfaa mpiga chapa, ambaye mara nyingi hukunja karatasi kubwa kwa mafungu ya kurasa 16. Tengeneza kwanza kitabu cha majaribio kwa penseli, uwasomee watoto kwa sauti, na ukurasa wanaoupita bila kuutazama uuchore upya kabla ya kugusa rangi.

Katika mkataba, haki za maandishi na haki za michoro zitajwe mbalimbali, na iandikwe wazi kwamba michoro halisi inabaki mali yako.